Miaka Minane ya Ulaya

Mama mwenye mwana anayesafiri asikae karibu na wajuaji. Askale alikaa, tena ndani ya treni ya Dire Dawa, akimpelekea mkate mwanawe Wubshet, mshika mwavuli wa Ras, mkuu wa nchi, aliyealikwa na wafalme wa Ulaya.

Mbele yake muuza asali alikuwa akimwambia kasisi, "Abba, Ulaya sasa ni mwaka wa ishirini na nne. Sisi, kwa kalenda yetu, bado tuko wa kumi na sita. Ras na watu wake wakishuka melini tu, wamezeeka miaka minane!"

"Acha upuuzi, mwanangu. Mwaka ni maandishi, hauoteshi mtu ndevu."

"Mbona yule Mfaransa wa stesheni ana mvi, na anaapa kwamba ni kijana?"

Kasisi akafikiri, na hilo ndilo lililomtisha Askale. "Labda," akasema. "Lakini mtu akirudi kwetu, anarudishiwa miaka yake."

"Miaka sawa, Abba. Na meno je?"

Askale akajifunika shali usoni. Wubshet ana miaka ishirini, na wakwe wameahidiwa bwana harusi mwenye meno.

Walikuwa bado wanabishania meno treni iliposimama. Wubshet alikuwa akisubiri kituoni, mwavuli begani. Mama yake hata hakumsalimu. Alimshika kidevu akazihesabu ndevu, moja moja. Zilikuwa saba.

"Urudi na hizi hizi," akamwambia. "Haya, sasa achama."