Risala ya Wapangaji wa Vyumba Saba Kuhusu Notisi ya Fundi Viatu

Mgeni rasmi, mama mwenye nyumba wetu, shikamoo.

MAKARIBISHO
Sisi wapangaji wa vyumba saba vya ua huu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa macho tunayokukodolea. Kwa miaka tisa tumekujua kwa mwandiko tu. Mama Pacha wa chumba cha pili aliapa kwamba wewe ni mrefu, na Babu Redio wa chumba cha sita alishikilia kwamba ni mwanamume. Leo ubishi umekwisha.

HISTORIA FUPI
Hapa hakuna aliyewahi kuhama kwa notisi. Waliotutangulia waliondoka alfajiri, godoro kichwani, tukiamka tunakuta mlango wazi. Mkataba tulikuwa nao sote, umelala kwenye mtoto wa meza. Kumbe ndani yake mlikuwa na kifungu: anayehama atoe taarifa ya mwezi mmoja, kwa maandishi.

MAFANIKIO
Mwezi uliopita fundi viatu wa chumba cha tatu alipata karakana mji mwingine. Akasema, "Mimi siondoki kama mwizi. Naandika."

Ua mzima ukashikwa na hamu. Notisi inaanzaje? Siku zinahesabiwa tangu barua inapoandikwa au inapopokelewa? Ukuta uliotobolewa unatajwa, au unazibwa kimyakimya? Muuguzi wa chumba cha kwanza alitusomea mkataba mara mbili, na mara ya pili tulimwuliza maswali mengi zaidi. Barua ikatoka safi: tarehe, sababu, siku ya kurudisha funguo, ahadi ya kuziba matundu. Tukaona haya barua nzuri hivyo kwenda na sahihi moja kama yatima. Tukasaini sote kuwa mashahidi, kila mtu na namba ya chumba chake. Kwamba sisi ni mashahidi tu, na kwamba kinachoachwa ni chumba cha tatu, hatukuandika popote.

CHANGAMOTO
Juzi alikuja dada mmoja na futi, akapima dirisha la muuguzi.

"Dada, wapima nini?"

"Pazia. Nahamia Jumamosi."

Tulicheka, tukamwelekeza chumba cha tatu. Akasema ameambiwa hiki hiki. Mchana akaja bwana mmoja akigongagonga ukuta wa Babu Redio. Alikuwa anatafuta pa kutundika picha ya harusi yake. Hadi jioni vyumba vyote saba vilikuwa vimepimwa, ndipo tukaisoma barua yetu kama ulivyoisoma wewe: sahihi saba, vyumba saba, wote tunahama. Mama, hukukosea. Tulikosea sisi, na tunaogopa. Babu ameitia redio yake kwenye boksi, akaitoa, akairudisha tena, na hataki kuulizwa.

MAOMBI
Tunaomba uitambue notisi ile kuwa ya chumba kimoja. Bwana wa picha ya harusi apewe cha tatu, kina ukuta imara. Wale wengine sita, tafadhali waambie wewe mwenyewe. Sisi tumeshawaona nyuso na hatuna moyo huo. Na jibu lako tunaliomba kwa maandishi, leo, kabla hujanyanyuka.

HITIMISHO
Huenda unajiuliza kwa nini msomaji ni mimi, fundi viatu, nisiye na cha kupoteza. Wenzangu walinichagua wakidhani sauti yangu haitatetemeka. Wamekosea tena. Nilitaka kuondoka kwa utaratibu nisimsumbue mtu, nikawahamisha watu ambao nisingependa kuwaacha hata mimi. Ukiwakubalia, nitakukabidhi funguo kwa furaha. Ukikataa, sijui nitaufunga mlango wangu kwa uso gani.

Mungu akupe afya, akuzidishie nyumba, na kila nyumba akuwekee watu kama hawa.

Ni sisi, wapangaji wa ua wa vyumba saba: sita wanaobaki, na mmoja anayehama.