Ndoo ya Admirali Tregenza

Admirali Jory Tregenza amestaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na saba katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Alipenda bahari kuliko sisi sote. Bahari yenyewe haikumtaka.

Anayeandika haya ni mpishi wake, kwa hiyo ana ushahidi. Safari yake ya kwanza kutoka hapa Plymouth, Tregenza alitapika ndani ya kofia ya mkubwa wake. Daktari akamshauri aombe kazi ya ofisini, akakataa katakata. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Mabaharia wakampa ndoo. Kila alipopanda cheo, waliichorea utepe mwingine wa dhahabu, na wageni melini walifundishwa kuipigia saluti. Akiwa nahodha wa manowari Pendeen, aliokoa wavuvi waliokuwa wakizama katika dhoruba ya Atlantiki, akienda kwa zamu: amri, ndoo, amri, ndoo. Wavuvi wote walirudi kwa wake zao.

Jikoni hatuna sifa za kumpa. Soseji, figo za kukaanga, uji wa shayiri, vyote vilishuka na vyote vikarudi. Inauma.

Desturi yetu ni kwamba mkubwa anayetuaga hupelekwa nchi kavu kwa mashua, maofisa wake wakipiga makasia. Admirali aliapa mbele ya mkewe, Bi Morwenna, kwamba safari hii ndoo itafika kavu. Akala kifungua kinywa chote.

Upepo ulivuma, mashua ikarukaruka. Maofisa wawili wakaiomba ndoo, akawanyima. Yeye aliketi wima, anatabasamu, mpaka gatini. Tukashangilia! Akapanda ngazi, akapiga hatua chache, akasimama.

"Nishikeni jamani, ardhi inayumba!"

Kifungua kinywa kikaingia ndooni mbele ya bendi nzima iliyokuja kumuaga.

"Maskini mume wangu," alisema Bi Morwenna, akimfuta mdomo. "Bahari imekuzoea leo, na leo ndiyo unaihama?"

Admirali alicheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, na hakuna aliyethubutu kumtania. Sisi wenyewe tulikuwa tunalia.

Asante, Afande, kwa kutotuacha ulipokuwa na kila sababu. Ndoo tumeiosha na kuiongezea utepe wa mwisho, ni yako. Ardhi nayo itakuzoea, usiikatie tamaa. Uishi vema nyumbani kwako, na chakula kikae.