Mwalimu Nukta na Mtihani Usio na Tarakimu

Ndugu waombolezaji, familia inaomba usikivu wenu kwa muda mfupi, maana marehemu mwenyewe hakupenda maneno marefu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mwashi. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, lakini nukta nundu, maandishi ya wasioona, alifundishwa nyumbani na mdogo wake asiyeona, na kila alipochungulia kwa macho, mdogo wake alimgundua, kwa sababu ghafla alikuwa akisoma haraka mno.

Baada ya sekondari na chuo cha ualimu, alianza kazi tarehe 11 Januari 1982 katika shule ya wasioona, akakaa hapo hadi alipostaafu. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi seremala aliyekuja shuleni kutengeneza rafu za vitabu, na ambaye husema mpaka leo kwamba rafu zile zilichelewa kwa makusudi. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1998 shule ilipata kompyuta na mashine ya kuchapa nukta nundu, lakini kompyuta ile haikuwa na nafasi ya nukta zenyewe, kwa hiyo kila umbo la nukta liliazima alama ya kibodi: mkato ulionekana kwenye skrini kama tarakimu ya moja, kituo kama ya nne, na alama inayogeuza herufi kuwa tarakimu ilionekana kama vistari vinne vilivyokatizana. Oktoba 2004, karani wa ofisi ya mitihani, mtu wa bidii na roho nyeupe, alifungua faili la mtihani wa hesabu, akaona uchafu umetapakaa kila mstari, akausafisha wote. Watoto kumi na mmoja wakaletewa karatasi inayowataka wajumlishe *ab* na *ce*, badala ya kumi na mbili na thelathini na tano, na wote wakaandikiwa sifuri.

Marehemu alijifunga kibwebwe. Kwa wiki saba, kila Alhamisi, alikwenda kuketi kwenye benchi la ofisi ile, akaambiwa faili limefungwa, akaambiwa mkubwa hayupo, akajibu kwamba hana haraka, kazi yake ni kusubiri watoto waelewe. Wiki ya nane alimkalisha karani, akamshika kidole, akakipitisha juu ya karatasi ile, pale alama za tarakimu zilipopaswa kuwa, na karani akalia. Mtihani ulirudiwa tarehe 17 Januari 2005, na tisa wakafaulu.

Wawili walioshindwa hawakumtoka moyoni. Alipojua kwamba sasa kompyuta zina mpangilio unaolipatia kila umbo la nukta namba yake yenyewe, nafasi mia mbili hamsini na sita, bila kuazima chochote, hata skrini ikaonyesha nukta kama nukta, aliapa kuvihamishia humo vitabu vyote mia tatu na kumi na viwili vya shule, akisoma kila ukurasa kwa kidole, kwa sababu mashine, alisema, haioni aibu ikikosea.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2019, naye akaendelea na kazi kitandani. Kitabu cha mwisho, cha hesabu, alikimaliza tarehe 5 Juni 2023. Mmoja wa wale wawili walioshindwa mtihani, ambaye leo ni mhakiki shuleni, alikipitia kwa vidole, akampigia simu kwamba ukurasa wa sabini una kosa, na marehemu akamwambia, kwa furaha ambayo wauguzi waliishuhudia, kwamba hatimaye amepata wa kumsahihisha. Alifariki tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na wenzake wa chumba cha kuchapia, ambao jana asubuhi, kabla ya kuja msibani, walirekebisha ukurasa wa sabini.

Kazi imekamilika, Mwalimu. Pumzika kwa amani.