Mtu wa Nane kwenye Fomu ya Mabembea

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa nimekaa pale pale, goti kwa goti na mwenyewe, na nikayaona kwa macho haya ambayo daktari mmoja wa Fort Worth aliyapima mara mbili kwa kutoamini. Kijiwe chetu ni benchi la chuma nje ya duka la mashine za kufulia, Haltom City, huku ughaibuni. Kila Jumamosi asubuhi nguo zinazunguka ndani, nasi tunazungusha maneno nje. Kahawa huletwa na Abdulghafur wa Unguja, dereva wa kupeleka abiria uwanja wa ndege, kwa hiyo tunamwita Terminal. Godelieve, Mrundi, anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Yeye tunamwita Dabo, maana hajawahi kufanya shifti moja kama binadamu. Mimi ni Muzammil wa Mombasa, Injinia kwa jina la kijiweni. Shule niliiacha darasa la saba, na hasara ikawa ya shule. Jumamosi hiyo ya Februari mwenye shughuli alikuwa Didace, Mrundi mwenzake Dabo, mpakia mizigo kwenye ghala kule Mesquite. Alikuja na simu mkononi na bahasha kubwa ya kaki kwapani, hata salamu hakutoa.

Didace: Msinisemeshe. Nimeingia.

Terminal: Umeingia wapi, nasi tunakuona uko nje?

Didace: Golden Lagoon. Niko kwenye foleni ya simu tangu alfajiri, watu elfu kumi na nne mbele yangu. Sasa wamenipa dakika arobaini nijaze fomu. Zikiisha, nafasi wanapewa wengine.

Golden Lagoon ni ile bustani ya mabembea ya Florida ambayo watoto wa Didace wameiota miaka mitatu. Nafasi za wiki ya mwaka mpya hufunguliwa Februari, miezi kumi na moja kabla, na kufika adhuhuri hakuna kitu. Na hiyo ndiyo wiki pekee ambayo ghala lilikubali kumpa likizo.

Terminal: Miezi kumi na moja! Mie kwetu muda huo mtu huposa, akaoa, akapata mtoto, na mtoto akaota jino.

Dabo: Mko wangapi?

Didace: Wanane.

Terminal: Wanane wapi? Wewe, mkeo Prudensia, watoto watano. Saba.

Didace: Na mama.

Terminal akanywa kahawa iliyokuwa bado inachemka, akaungua.

Bibi Clothilde, mama yake Didace, yuko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Ni mwaka wa tisa tangu mwanawe alipopanda basi la kuondoka akamwacha amesimama. Faili lake la kumfuata mwanawe huku liko njiani muda wote huo. Amepimwa afya mara tatu. Majibu yakiwa tayari, karatasi nyingine inakuwa imeshapitwa na wakati. Mwaka juzi alipewa mpaka tarehe ya ndege. Akagawa vyombo vyake kwa majirani. Safari ikafutwa, na mama wa watu akaenda kuazima sufuria lake mwenyewe. Didace alimwahidi kwa simu, watoto wote wakisikiliza, kwamba hawatakwenda kwenye mabembea mpaka waende naye. Wameshaahirisha mara mbili.

Dabo: Na hiyo bahasha?

Didace: Vyeti.

Akaimwaga mapajani. Kadi za chanjo, barua za kambi, shahada za ubatizo, na picha nane za pasipoti, ya mama ikiwa imefifia kuliko zote.

Mimi: Yakhe, unakwenda kwenye mabembea ama kwenye mahojiano?

Didace: Fomu ni fomu, Injinia. Ya mama walikosea herufi moja tu ya jina, faili likarudi nyuma miaka miwili. Mimi sijazi kitu kwa kukisia.

Akaanza kujaza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Alipomaliza tarehe za kuzaliwa, simu ikawaka nyekundu.

Dabo: Imesema nini?

Didace: Eti wageni hawa wanafanana mno. Nihakikishe.

Wanafanana kweli. Karani wa kambini akikuta mtu hajui siku yake ya kuzaliwa, alimwandikia Januari mosi, akaita mwingine. Didace, mkewe, mama yake na watoto watatu wakubwa, wote Januari mosi. Na siku ya safari waliyochagua, nadhani mmeshaijua.

Terminal: Khaa! Mashine inadhani we mlanguzi wa tiketi. Wabadilishe. Mmoja mpe tarehe mbili, mwingine tarehe tatu, mpaka waishe.

Didace: Nidanganye kwenye fomu?

Terminal: Fomu ya mabembea, jamani!

Dabo: Usimsikilize, ndugu yangu. Getini watataka kitambulisho. Siku zisipolingana mnarudishwa.

Mimi: Wanarudishwa wapi, Dabo? Burundi?

Chini ya fomu kulikuwa na kisanduku cha maelezo mengine. Didace akaandika aya nzima: jina la kambi, zoni, namba ya nyumba, karani alivyokuwa, na kwamba wao si watu wa udanganyifu. Zikaenda dakika tisa. Mashine ikasoma, au ilijifanya kusoma, ikamruhusu aendelee.

Didace: Sasa wanataka urefu wa kila mmoja. Kwa ajili ya mabembea.

Watoto aliwajua kwa inchi. Alipofika kwa mama, kidole kikabaki hewani.

Terminal: Simama. Alikuwa akikufika wapi?

Didace akasimama, akagusa chini kidogo ya bega lake.

Didace: Hapa. Siku ile ya basi kichwa chake kilikuwa hapa.

Terminal: Basi pima hapo uandike. Mtu mzima harefuki.

Dabo: Lakini anapungua. Mimi nawaogesha, nawajua. Miaka tisa? Toa vidole viwili.

Didace: Mama yangu hajapungua.

Dabo: Sijasema vibaya, kaka.

Didace: Umesema amepungua.

Akaandika urefu wa siku ile ya basi, bila kutoa hata ukucha. Dakika kumi na tano zimebaki.

Terminal: Lakini mie mniambie, wao wanataka majina mapema hivyo ya nini? Ndiyo maana nasema hayo mabembea hayapo. Wanangoja waone watu wangapi, ndipo wajenge. Kuna abiria wangu mmoja alikuwa na matope ya saruji kwenye viatu, nikamuuliza watokea wapi, akasema Florida. Unaona?

Mimi: Wewe unaona viatu, mimi nimeona kiwanda. Nikiwa dereva wa malori nilipeleka mzigo nyuma ya bustani kama hiyo, pale karibu na Houston. Kuna chumba cha hali ya hewa. Wallahi. Ukuta mzima ni siku za mwaka, kila siku na swichi yake. Aliyewahi ku-book anawashiwa jua. Waliochelewa wanagawana mvua.

Terminal: Na wewe ulifanya nini?

Mimi: Nikawaonyesha swichi mbili walizofunga vibaya.

Dabo: Nyinyi mnacheza. Kinachotafutwa hapo ni kujua nani atakuwa hai. Kwetu kazini wazee wanachagua chakula cha wiki mbili mbele. Mzee mmoja alichagua kuku. Kuku akaja na jina lake kwenye sahani, moto kabisa. Mwenye jina tulikuwa tumeshamtandulia kitanda.

Terminal: Dabo, na kahawa yetu hii unaitaka kweli?

Didace: Tulieni! Wanauliza chakula cha mchana. Januari mosi, saa sita na dakika arobaini. Kila mtu achague sasa.

Mimi: Mwaka kesho? Mimi cha leo sikijui.

Didace: Mama haandikiwi nyama ya kuchoma, hawezi kutafuna... Hapana. Siku hizi sijui. Meno alikuwa nayo.

Dabo: Andika samaki.

Terminal: Andika wali, wali haumkosei mtu.

Didace: Kuna kiti cha magurudumu, ndiyo au hapana. Atahitaji?

Tukatazama nguo za watu zinavyozunguka nyuma ya kioo. Terminal akamjazia kikombe asichokuwa amekimaliza.

Dakika nne. Fomu imejaa, imebaki kukubali. Juu ya kitufe pameandikwa kwamba idadi ya watu na siku havibadilishwi, na asiyefika nafasi yake inakufa. Mimi niliyasoma hayo kwa Kiingereza na kuyatafsiri papo hapo, bila kuchukua pumzi.

Terminal: Didace, nisikilize mimi mkubwa wako. Futa wa nane. Peleka watoto. Mama akija, utampeleka peke yake, kama malkia.

Didace: Binti yangu Amandine kaniambia, without Bibi we're not going.

Dabo: Amandine ana miaka kumi. Ukingoja tena, atakuwa anataka kwenda na wenzake, si na nyinyi.

Didace: Nikimfuta nitamwambia nini Jumapili akipiga simu? Kila Jumapili ananiuliza mabembea yana kelele kiasi gani.

Kidole kilikuwa juu ya kijialama cha kufuta, kando ya jina Clothilde. Kinashuka, kinapanda. Dakika mbili.

Ndipo akatoka ndani dada mmoja na beseni la nguo mbichi, mashine ya kukaushia ilikuwa imemgomea. Nusra jina lake. Alihamia kutoka Houston wiki ile ile, yeye hatujui wala sisi hatumjui. Akasalimia vizuri, akakaa ukingoni mwa benchi, akaiona ile picha iliyofifia juu ya mapaja ya Didace na fomu ya tiketi kwenye simu.

Nusra: Mashallah, bibi mzuri. Ndiye mnayemkatia tiketi?

Didace: Ndiye.

Nusra: Kwani anafika lini?

Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza duka linafungwa saa ngapi. Terminal, ambaye anazijua ndege zote zinazotua Dallas na zilizochelewa, alitazama viatu vyake. Dabo akaanza kufuta kikombe kwa pindo la kitenge. Mimi, msije mkanisema, mimi ninayejua kila kitu, nilianza kuhesabu vifungo vya shati langu. Golden Lagoon wanajua Didace atakula nini Januari ijayo na dakika atakayoketi. Hilo la Nusra hakuna mahali pa kulijaza.

Simu ikatoa mlio mwembamba, ikaandika kwamba muda umekwisha na asante kwa kuwachagua. Didace aliisoma mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo ya chini. Kisha akarudisha vyeti kwenye bahasha kimoja kimoja, picha saba kwanza, ya mama ya mwisho, akaibana kwapani.

Didace: Mwezi wa tano wanafungua ya Aprili. Nitaomba likizo ghalani upya.

Akaenda zake kwa miguu, gari kaliacha pale pale. Kahawa ikawa imekwisha, nasi tukatawanyika.

Yote haya yalitokea kama nilivyosema, hata ile swichi ya mvua mkitaka nitawapeleka. Ila hapo kwenye kahawa nimewadanganya. Haikuisha. Chupa ya Terminal ilikuwa na zaidi ya nusu, na ya moto. Ni kwamba hakuna aliyenyoosha kikombe.