Mama Kijiko na Mlango wa Alhamisi

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wasomi mliokaa viti vya mbele: kwa sheria ya marehemu, hivyo ni vya wapita njia, nyinyi mngekuwa nyuma. Leo nimewasamehe. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu mimi mdogo wake, fundi viatu, niliyeacha shule darasa la sita. Haikukosea. Wenye digrii wa ukoo huu wangelia kabla ya kufika kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa kifungua mimba wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, mshonaji. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na pazia. Yeye alipewa upande wa dirisha kwa sababu alikuwa anasoma, sisi upande wa ukuta kwa sababu tulikuwa tunalala.

Alisoma shule ya msingi pale pale relini, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1976. Akasomea kazi ya maktaba, akapata cheti, na digrii akaichukua baadaye akiwa na mtoto mgongoni. Mama alikuwa anasema, "Huyu amekula shule yake na ya mdogo wake." Nami nilikuwa namjibu, "Mama, yangu nilimwachia kwa hiari, ilikuwa haina chumvi."

Mwaka 1981 aliajiriwa maktaba ya chuo kikuu, kazi ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Mwaka 1986 akaanzisha mihadhara ya wazi ya Alhamisi jioni, kwenye chumba cha magazeti, ghorofa ya chini, mlango unaotazama barabara. Msemaji alikuwa msomi, msikilizaji alikuwa yeyote anayepita. Mlinzi akamwuliza, "Mama, hawa wauza mitumba niwaingize kwa kitambulisho gani?" Akamwambia, "Masikio, baba. Mwenye mawili apite. Mwenye moja apite pia, akae karibu."

Mhadhara wa kwanza ulihusu maji ya chini ya ardhi. Profesa alianza vizuri, halafu akazama kwenye maneno mazito mpaka watu wakaanza kukagua dari. Dada alikuwa nyuma anakoroga chai. Akagonga kikombe: ting! "Samahani, Profesa," akasema, "hapo umetuacha kituoni. Rudi utuchukue." Chumba kikaangua kicheko. Profesa mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, akaomba ndoo na mchanga, akaanza upya. Tangu siku hiyo jina likawa Mama Kijiko, na kijiko kikilia, chumba kizima kinaitikia: "Rudi utuchukue!" Kuna madaktari wa falsafa walikiogopa kile kijiko kuliko mke mwenye zamu ya kununa.

Na kabla ya Alhamisi kuna Jumatano. Jumatano alikuwa anamleta msemaji kibandani kwangu, aeleze mhadhara wake huku mimi nashona soli. "Akielewa huyu," anamwambia mgeni, mbele yangu, bila haya, "hata viti vitaelewa." Sawa, dada. Lakini iandikwe kwamba maprofesa wote wa chuo hiki wamepita mikononi mwangu, na wengine waliondoka na visigino vipya.

Tarehe 17 Septemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi mitambo wa chuo. Kipaza sauti kilikuwa kinaharibika kila Alhamisi, kikawa kinahitaji fundi wa karibu sana. Kilipona siku ya harusi, hakikuugua tena. Shemeji, usiangalie chini, sote tulikuwa tunajua.

Alistaafu mwaka 2018, kwenye karatasi tu. Mwaka 2022 figo zikaanza kumsumbua, akapanga siku za kusafishwa damu zisigongane na Alhamisi. Kilichomuumiza kuliko sindano ni tangazo la Januari mwaka huu: kuingia maktaba jioni ni kwa kitambulisho cha chuo tu. Mkuu wa maktaba, kijana ambaye dada mwenyewe alimfundisha kazi, alikuja hospitali na machungwa.

"Mlango vipi, mwanangu?"

"Mama, ni mambo ya usalama, na sera, na utaratibu mpya wa..."

Dada akachukua kijiko, akagonga glasi ya dawa. Ting.

Mkuu akainamisha kichwa. "Nitaliangalia, Mama."

Alipoondoka, dada akaniambia, "Fundi, mlango ule ukifungwa, nitakuwa nimepanga viti bure maisha yangu yote." Nikakiosha kijiko, nikakirudisha kando ya glasi.

Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, jibu halijaja.

Jana, kwenye kikao cha mazishi, Mkuu wa maktaba alisimama. Alianza na "kwa kuzingatia," watu wakaanza kutafuta vijiko. Akacheka, akafuta macho, akasema: "Alhamisi mhadhara upo. Chumba cha magazeti, mlango wa barabarani. Kitambulisho ni masikio." Kikao cha msiba kilipiga makofi. Dada, viti hukupanga bure.

Ameacha mume, binti yake mkutubi, mwanawe fundi umeme, wajukuu wanne, mdogo wetu wa mwisho aliye muuguzi, mimi hapa, na chumba kizima cha watu wa Alhamisi ambao hakuna mmoja aliyewahi kuulizwa anatoka wapi.

Kijiko nimekuja nacho. Nitagonga mara moja tu. Dada, hapo umetuacha kituoni. Lakini leo tusiitikie kama tulivyozoea. Usirudi kutuchukua, tafadhali. Haraka ya nini? Pumzika kwa amani, sisi tutakuja wenyewe, mmoja mmoja, tukimaliza maswali.