Magitaa Matano na Mkono Mmoja

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupiga gitaa la besi katika bendi ya ukumbi wetu, mwenzetu tunayemwita Mjomba anastaafu. Kamati ya maandalizi imeniomba mimi, fundi wa jukwaa, niandike wasifu wake katika kijitabu hiki mlichopewa mlangoni. Wamesema mimi ndiye ninayemjua kwa karibu kuliko wote. Ni kweli, na mgongo wangu ni shahidi.

Nimeonywa nianze na mazuri. Mjomba aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye nywele, aje apige besi katika bendi ambayo kazi yake ilikuwa kuchangamsha harusi na sherehe za ofisi. Hata mwaka haukuisha, akawa ameshaipotosha. Yeye na mpiga kinanda walijifungia chumba cha mazoezi, wakatoka na roki yao ndefu: nyimbo za karibu nusu saa, zinazobadili mwendo njiani kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Nyimbo za watu wengine huhesabiwa moja hadi nne. Za Mjomba zinahesabiwa moja hadi saba. Siku ya kwanza walipozipiga, watu waliinuka kucheza, na kabla hawajafika mbali miguu ilikuwa imeshanasana, bibi harusi akabaki na kiatu kimoja. Meneja wa wakati huo alitaka kuwatimua wote wawili. Kilichowaokoa ni kwamba wiki iliyofuata ukumbi ulijaa watu waliokuja kukaa na kusikiliza tu. Wanakuja hadi leo, na ndio nyinyi.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni "Ghorofa Tano", utunzi wenye sehemu tano, kila sehemu ikipanda juu ya mwenzake. Mwanzoni aliupiga wote kwa gitaa moja, lile la kahawia tunaloliita Tofali. Nyuzi zake ni nne, shingo yake ni nene, na uzito wake ni wa ndoo iliyojaa maji. Sauti yake huanzia kwenye viti kabla haijafika masikioni. Kama Mjomba angetosheka na Tofali, leo mimi ningekuwa mtu mpole, na wasifu huu ungekuwa umeshaisha.

Lakini Mjomba kutosheka? Thubutu! Akaamua kwamba ghorofa ya kwanza inataka gitaa lisilo na vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, ili sauti iteleze. Tukaletewa Utelezi. Halafu ghorofa ya pili ikadai nyuzi sita, eti nne hazitoshi kusema anachotaka kusema. Tukaletewa Sita, shingo yake pana kama ubao wa kusukumia chapati. Miaka michache iliyopita ghorofa ya tatu nayo ikataka gitaa la shingo fupi, Kifupi, na ya nne ikataka lile dogo jepesi lisilo na kichwa kabisa, ambalo mwimbaji wetu alilibatiza Kipara. Tofali likanyang'anywa ghorofa moja moja, likabaki na ile ya juu tu.

Sasa nisikilizeni mimi ninayeyabeba. Kati ya ghorofa na ghorofa, ngoma hubaki peke yake kwa mzunguko mmoja wa ile hesabu ya saba. Ndani ya mzunguko huo natakiwa nitoke pembeni, nimvue gitaa moja, nimvishe jingine, nichomeke waya na nitoweke. Yeye kazi yake ni kuinamisha kichwa tu, na hata hilo hulisahau. Nimewahi kumvisha mkanda na miwani ikaondoka nao. Nimewahi kumvisha Kifupi akiwa bado amevaa Utelezi, kwa kuwa aligoma kuliachia, noti ilikuwa tamu mno. Nikimlalamikia, huniita mpwa wake, hunipigapiga begani, na husema kwamba muziki una madai yake. Jamani, na mgongo je?

Kuna jioni moja, enzi Tofali likiwa bado peke yake, ambayo inasimuliwa hata na watu ambao hawakuwepo. Mjomba alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, akalegeza nyuzi za Tofali ili ajaribu kitu alichokisikia kichwani, kisha akaitwa chai, akasahau. Akapanda jukwaani hivyo hivyo kupiga "Ghorofa Tano". Noti ya kwanza tu, kila mtu akageuka. Mtu mwenye akili zake angesimama, aombe radhi, akaze nyuzi. Mjomba alifumba macho na kuendelea, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu alidhani ni wenzake wote waliokosea! Basi wenzake wakamfuata kule chini. Mpiga solo alilegeza nyuzi zake huku akipiga. Mpiga kinanda alihamisha vidole jasho likimtiririka. Mwimbaji akajikuta anaimba kwa sauti nzito ambayo hakujua kama anayo. Ukumbi ulisimama na kushangilia. Tangu siku hiyo tunaupiga utunzi ule huko huko chini, na wageni wakija, Mjomba huwaeleza kwamba ni matokeo ya utafiti wake wa muda mrefu.

Ni lazima niseme pia kwamba amewafundisha besi vijana wengi, kwamba hajawahi kukosa onyesho, na kwamba mwaka umeme ulipokuwa unakatika ovyo aliwazuia watu wasiondoke kwa kuwasimulia nyimbo kwa mdomo, sehemu zote, ngoma zikiwemo. Aliziimba vibaya sana. Hakuna aliyeondoka.

Nije kwenye lililonitoa roho. Mwaka jana Mjomba aliniambia ghafla kwamba Tofali limechoka, na kwamba hata ghorofa ya tano ataipiga kwa Kipara. Sita nalo akasema lirudi stoo, nafasi yake ishikwe na Kifupi. Nikaamini. Nilibadilisha nyuzi za Tofali. Nikabadilisha soketi ya waya. Nikalipeleka kwa fundi seremala anayejua shingo za magitaa, akalikagua juu chini, akanirudishia na kuniuliza kama nina shida nyingine. Nililisikiliza kwa spika hii na ile mpaka mke wangu akaniuliza kama na mimi nimeanza wazimu wa Mjomba. Tofali lilikuwa zima kuliko sisi sote.

Kilichochoka ni mkono. Ule wa kushoto, unaokandamiza nyuzi. Viungo vya vidole vimekuwa vikikakamaa kwa muda mrefu, na daktari alishamwambia apumzike. Sikuambiwa na Mjomba. Niliambiwa na mkewe, aliyekuja na shati la jukwaani siku Mjomba alipolisahau, akasimama pale pale ukumbini akawa anamfunga vifungo kimoja kimoja, bila haraka, kama jambo la kila siku. Aliponiona nimetoa macho alishangaa. Yeye alidhani sote tunajua.

Kumbe Kifupi, kumbe Kipara! Shingo fupi ili vidole visitanuke. Gitaa jepesi, nyuzi laini, ili mkono usilie. Miaka yote hiyo nimehubiriwa kuhusu sauti ya kisasa, ghorofa ya tatu inadai hiki, ya nne inadai kile, nami nimebeba, nimechomeka, nimelalamika, na mtu yule ana maumivu na mdomo anao! Nilikasirika, na sitaki kudanganya kwamba nimemaliza. Ningejua, ningemtafutia nyuzi laini mapema. Ningemwekea kiti. Ningenyamaza walau mara moja moja.

Basi mtu akitegemea kwamba baada ya hapo tungekubaliana kama watu wazima, hamjui Mjomba. Tulikaa kupanga onyesho la leo la kumuaga. Nikapendekeza wimbo mmoja mfupi, kwa Kipara, akiwa ameketi, maua, picha, nyumbani. Alinitazama kama nimemtukana. Anataka "Ghorofa Tano" nzima. Anataka magitaa yote matano, kila moja kwenye ghorofa yake. Na ya mwisho anaitaka kwa Tofali, akiwa amesimama. Nilimwambia vidole vitamkatalia mbele ya watu. Nilimwambia watakaomkumbuka watamkumbuka kwa hilo. Nilimtuma mpiga kinanda, rafiki yake wa tangu ujana, akarudi mikono mitupu. Nilikwenda mpaka kwa mkewe, nikijua huyo atakuwa upande wangu, na kweli alikuwa upande wangu kwa muda wote wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akasema kwamba mume wake amekubali kufungwa vifungo, amekubali kukatiwa nyama kwenye sahani, amekubali kila kitu bila kununa. Hili moja tumwachie. Mjomba mwenyewe, aliyekuwa anajifanya anasoma gazeti, akasema bila kuinua uso, "Mpwa, nikishindwa, acha nishindwe nalo mkononi." Utamfanya nini mtu kama huyo? Nikalibeba Tofali kutoka stoo.

Kwa hiyo wapendwa wageni, mtakachosikia leo ni hiki. Ghorofa nne za kwanza atazipita. Mazoezini amezipita, akiuma meno kwenye ya pili. Ghorofa ya tano huanza na besi peke yake juu ya ngoma, na hapo Tofali linataka kidole cha kwanza kibaki hapa na cha mwisho kifike kule. Mazoezini mara nyingine vilifika, mara nyingine vilikataa. Hajaomba msaada, na hatauomba.

Ila sisi tumepanga, na naliandika hapa bila wasiwasi kwa sababu katika miaka yote sijawahi kumwona Mjomba akisoma programu. Vidole vikikataa, hakuna atakayemfunika. Mpiga solo amekatazwa kuingia, na kwake hiyo ni adhabu kubwa. Mpiga kinanda atashikilia noti moja. Mwimbaji atafunga mdomo. Mimi nitabaki pembeni na Kipara sitaligusa, hata mikono ikiniwasha. Mpiga ngoma peke yake ataendelea, moja hadi saba, kisha moja hadi saba tena, mpaka mkono urudi.

Nanyi tunawaomba kitu kimoja. Mkisikia besi imenyamaza, msipige makofi ya kumhurumia. Msiinuke kutafuta makoti. Msimpigie mbinja za kumtia moyo, ataudhika. Kaeni tu. Hajamaliza, anapumzisha vidole, na hakuna hata mmoja wetu humu ndani mwenye haraka kuliko yeye.

Mjomba, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ukumbi huu, asante kwa muziki, na kwa maudhi yako pia asante, shingo upande. Nenda nyumbani ukapumzike, ule, ulale, na mkono usikuume. Lakini usiku huu usikimbie. Hesabu yako ya saba umetufundisha mwenyewe, tunaijua, na tutaizunguka hadi mlinzi aje na funguo.