Pamba Yake Ilikuwa Safi

Mwangaluka, akina mama! Naona mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Leo sitamtaja mtu jina, hata mzee wangu aliyekaa kule nyuma akijifanya anafunga kamba za viatu.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa mke wa mfalme. Siyo wa ikulu, wa ghala la pamba, kijijini kwetu upande wa Lagangabilili. Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima, na mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama hicho. Yeye akisema pamba yako safi, ni safi. Akisema fifi, yaani pamba chafu ya bei ya kutupa, umekwisha. Watu walimvulia kofia hata akienda chooni. Na mimi nikifika kisimani, ndoo zote zinasogezwa, nachota wa kwanza. Nilipenda, kwa nini niwadanganye?

Siku moja mama mmoja hakusogeza ndoo yake. Akasema, "Mayu, hata wanangu wana kiu." Nikaenda kumshtaki kwa mzee. Msimu ule pamba yake, nyeupe kama maziwa, ikaitwa fifi. Dhambi hiyo ni yangu pia.

Basi likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori na mizani yao, mkulima akawa anachagua. Kwenye ghala la mzee wakabaki mbuzi wamelala kivulini. Hakuna aliyemtukana, waliacha tu kumwamkia. Na kundi la kulimiana kwa zamu, ambalo shambani kwetu lilikuja kwa amri ya mzee, halikuja tena. Magugu yakaifunika pamba yetu. Mzee akajifungia ndani, mimi nikawa mtu wa kulia tu.

Asubuhi moja nikachukua jembe, nikafuata ngoma ya walimaji bila kualikwa. Kumbe wako shambani kwa mama yule yule! Miguu ikataka kurudi. Nikasema mbele ya wote, "Pamba yako ilikuwa safi. Niliyeichafua ni mimi."

Mama yule akaegemea jembe lake. Akaitazama mikono yangu laini. "Haya, shika mstari wako, tuone."

Jamani, nililima mstari umepinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea! Walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Jioni nikaenda kisimani, nikasimama mbali. Mama yule akageuka. "Wewe! Weka ndoo yako nyuma ya yangu." Nikaiweka. Furaha niliyoisikia siwezi kuisimulia.

Wiki iliyofuata wakaja kwetu na ngoma yao. Nani aliwaletea maji ya kunywa kwa baiskeli? Muulizeni yule wa viatu.

Wabeja sana, asante, mama yangu wa kisimani, uko hapa mbele unaniangalia. Wabeja nyote mlionicheka badala ya kunifukuza. Wenzangu, watu wakikupisha kila siku, geuka utazame nani ana kiu nyuma yako.

Naona chai imeiva. Msinipishe! Mimi nafuata nyuma ya mama huyu.